Penseli nyeupe kwenye karatasi nyeusi, mbona inapotea?

Swali limetoka kwa msomaji wa hapahapa Dodoma: "Shikamoo mwalimu. Mi nipo Nkuhungu, nachora sura za watu kwa penseli ya kawaida kwenye karatasi nyeupe na nashukuru Mungu watu wananielewa. Sasa nimeanza kujaribu karatasi nyeusi, nataka nimchore bibi yangu aliyepo Mvumi, ana mvi na mashavu yamekunjamana vizuri sana. Nimetumia penseli nyeupe ya kwenye boksi la rangi za watoto haionekani, nikatumia chaki ya ubaoni inaonekana ila inapukutika, nikapiga koreksheni ikawa kama kinyesi cha ndege. Jamaa mmoja kaniambia ninunue mkaa mweupe, ndo nini hicho, na je nitapata shedi laini kama ninavyoipata kwa HB? Na nikimaliza nipulize hea sprei isifutike?"

Marahaba mdogo wangu, karibu. Hiyo ya kinyesi cha ndege imenichekesha maana na mimi nimeipitia, koreksheni kazi yake ni kufunika makosa ya karani, inakauka kama plasta na haijui kitu kinaitwa shedi, ni ipo au haipo, basi.

Tuanze na huo mkaa mweupe maana jina lenyewe linadanganya. Mkaa mweupe umeuona wapi? Mti ukiungua mpaka ukawa mweupe huo sio mkaa tena, ni majivu. Penseli wanayoiita hivyo ndani yake hamna mkaa hata chembe, ni unga mweupe, mara nyingi chaki halisi yaani kalisiamu kaboneti, au rangi nyeupe ya titani, au vyote viwili, umechanganywa na gundi kidogo ukashindiliwa ndani ya mti. Imepewa jina la mkaa kwa sababu inauzwa pamoja na penseli za mkaa mweusi na inatembea kwenye karatasi kwa namna ileile, kavu, inakwaruza kidogo, inasuguka kwa kidole. General Pencil ya Marekani, kampuni ya tangu 1889, ndo yenye ile ambayo wachoraji wengi wanaijua kwa jina hilo. Ndugu yake wa karibu kabisa ni penseli ya pasteli nyeupe, Faber-Castell wanayo, Stabilo wanayo, Derwent wanayo, na kwa mkono wangu mimi hii ya pasteli ni laini zaidi na inafunika zaidi, ile inayoitwa mkaa ni ngumu kidogo lakini inachongeka vizuri ikatoa ncha. Kwa hiyo jamaa yako hajakudanganya, ila mi ningekuwa na hela ya penseli moja tu ningeagiza ya pasteli. Hapa Dodoma ukikosa kwenye maduka ya steshenari, na utakosa sana tu, unaagizia Dar inakuja na basi au na SGR siku hiyohiyo. Na usikubali kuuziwa seti nzima ya penseli 12 kwa ajili ya nyeupe moja, muulize muuzaji kama anauza moja moja.

Sasa kwa nini ile ya boksi la watoto haikuonekana. Penseli ile ni nta, udongo na rangi nyeupe kiduchu sana, kwa sababu mtengenezaji anajua mtoto anachora kwenye karatasi nyeupe na nyeupe hataitumia. Nta inateleza, inajaza vinyweleo vya karatasi, na ukikandamiza uzidishe weupe unapata ming'ao ya nta tu. Kuna penseli za nta nzuri, kama nyeupe ya Prismacolor au ile ya Caran d'Ache wanayoiita Luminance, hizo zinaonekana vizuri kwenye nyeusi, lakini kumbuka nta haisuguki kwa kidole kama unga, shedi yake inajengwa kwa tabaka juu ya tabaka, jioni mbili tatu kwa shavu moja. Mtu wa haraka haimfai.

Na chaki ya ubaoni? Chaki nyingi za ubaoni ni jasi, ileile inayochimbwa hapo jirani Itigi mkoani Singida. Jasi inaonekana ubaoni kwa sababu ubao unakwaruza na unaweka unga mwingi sehemu moja, lakini kwenye karatasi ni hafifu na haina gundi ya kuishikilia, kwa hiyo inafanya hivyohivyo ulivyoona, inapukutika. Siitupi lakini, nitakwambia mbele inafaa wapi.

Kuna kitu kimoja ukikielewa hapa mambo mengine yote yatakaa sawa, nacho ni weupe unatoka wapi. Unga mweupe sio mweupe kwa sababu una "rangi", chembe yake moja moja ni kama kioo kilichosagwa, inapitisha mwanga. Inaonekana nyeupe kwa sababu mwanga ukiingia kwenye chembe unapinda, ukitoka unakutana na hewa, unapinda tena kwenye chembe nyingine, mwisho unakurudia wote machoni. Kadiri chembe inavyopinda mwanga kuliko kitu kilichoizunguka ndo weupe unakuwa mkali. Uwezo huo wa kupinda mwanga una kipimo chake, hewa ni 1, maji ni kama 1.33, gundi na nta ziko kwenye 1.5, jasi 1.52, chaki halisi kama 1.6, na titani inafika 2.5 mpaka 2.7. Angalia hizo namba vizuri. Chaki ikiwa na hewa katikati yake ni nyeupe pee, lakini ukiijaza maji au gundi, 1.6 na 1.5 wanakaribia kulingana, mwanga unapita moja kwa moja mpaka kwenye karatasi nyeusi na weupe unazama. We si umeona nyumba iliyopakwa chokaa ikinyeshewa, ukuta unakuwa wa kijivu halafu jua likitoka unarudi mweupe? Ndo hicho. Sasa hea sprei ni gundi, na gundi haikauki ikaondoka kama maji, inabaki humo. Umeshapata jibu la swali lako la mwisho hata kabla sijafika.

Mi nilijifunza kwa aibu. Mteja aliniletea picha ya marehemu baba yake, nikamchora kwenye nyeusi kwa chaki iliyosagwa, nzuri kweli, mpaka mke wangu akaja kuangalia mara mbili. Asubuhi ya kukabidhi nikaogopa itafutika njiani, nikapuliza hea sprei nyingi kwa karibu, na nikaiona sura ya mzee inaondoka taratibu kama mtu anayerudi gizani, nikajua itarudi ikikauka, ikakauka, haikurudi. Zikabaki ncha za ndevu tu na matone ya sprei kama mvua ya rasharasha. Nilianza upya na sikulipwa ziada.

Kwa hiyo kabla hujamgusa bibi, fanya jaribio. Kata kipande cha karatasi ileile utakayochorea, sio nyingine, piga mistari ya kila kitu cheupe ulichonacho, penseli ya pasteli, chaki ya ubaoni, penseli ya nta, peni ya jeli, hata ile chaki bapa ya fundi cherehani, iombe tu kipande utapewa. Upande mmoja sugua kwa kidole, upande mwingine dondosha tone la maji, kisha acha pakauke. Iliyozama kabisa kwenye maji ni chaki au jasi, hiyo usiipulizie chochote. Iliyofifia kidogo tu ina titani ya kutosha, hiyo inavumilia. Dakika kumi na unajua kila kitu kuliko kusoma maandishi ya kwenye boksi, na mengi hayaandiki kilichomo.

Karatasi nayo. Manila nyeusi ya dukani sio mbaya kwa kujifunzia ila ina mambo mawili, ni laini mno upande mmoja kwa hiyo unga haupati pa kushika, na nyingi weusi wake ni wa dai, ile rangi ya kuchovya, ukiibandika ukuta unaopigwa na jua la Dodoma baada ya muda inageuka kama kahawia au kijivu. Ipapase pande zote mbili uchore kwenye upande unaokwaruza. Ukija kupata hela angalia Mi-Teintes ya Canson, Wafaransa hao wapo kwenye kazi ya karatasi tangu 1557, ile ina gramu 160 kwa mita ya mraba na pande mbili tofauti, mmoja una vijitundu kama sega la nyuki na mwingine ni laini, kwa sura ya mtu tumia upande laini, vile vijitundu vitamfanya bibi awe na ndui.

Sasa tuje kwenye shedi yenyewe maana hapa ndo nahisi ulipokwama, na sio penseli, ni mkono. Miaka yote umezoea karatasi nyeupe, unachora kivuli na mwanga unaachwa. Mkono wako umezoea kwenda kwenye kunjo, chini ya pua, chini ya kidevu, kwenye tundu la sikio. Kwenye nyeusi sehemu hizo zote tayari zimeshachorwa na karatasi, ukizigusa umeharibu. Unachora mwanga tu. Watu wengi wakianza wanachora mstari mweupe kuzunguka uso mzima, halafu mistari kwenye makunyanzi, matokeo yake unapata picha kama negativu, ile filamu ya kamera ya zamani kabla picha haijatolewa kwenye karatasi, mtu ana macho meupe na midomo meupe kama mzimu. Makunyanzi ya bibi ni mabonde na matuta, bonde ni giza liache, chora mgongo wa tuta. Kila kunyanzi moja lina matuta mawili, moja linaangalia dirisha na moja limelipa mgongo, lile la dirishani lipe weupe, la pili lipe robo yake au usilipe kabisa.

Jambo jingine ambalo halisemwi sana ni kwamba karatasi nyeusi ni ngumu kuliko ya kijivu au kahawia. Dürer, mchoraji wa zamani wa Kijerumani, alipochora ile mikono inayosali mwaka 1508 alitumia karatasi ya bluu, giza akaliweka kwa wino na mwanga akauweka kwa rangi nyeupe, na ile bluu yenyewe ikamfanyia kazi ya katikati bure. Nyeusi haikupi katikati, inakupa mwisho mmoja tu na safari yote hadi kwenye nyeupe unaitembea mwenyewe. Ndo maana nakwambia chora kwanza visanduku sita pembeni, cha kwanza kiache kitupu, cha sita kandamiza mpaka mwisho, na vinne vya katikati vipande taratibu. Utashangaa, wengi wanaruka kutoka cha pili kwenda cha tano. Sura ya mtu inakaa hapo kwenye cha tatu na cha nne, hasa ngozi yetu, na kile cha sita kwenye uso wa bibi unaweza kukihitaji sehemu tano tu, jicho moja moja, ncha ya pua, mfupa wa shavu, mvi za mbele.

Ulaini unaupataje. Usianze na penseli, anza na unga. Kwangua ncha ya penseli ya pasteli kwa kisu au msasa juu ya kipande cha karatasi, upate unga kama poda, kisha nenda duka la vipodozi ununue brashi ya poda ya bei ya chini kabisa, ile yenye manyoya mengi laini. Chovya kidogo, kung'uta, halafu pitisha kwa mduara kwenye paji la uso na mashavu kama unampaka bibi poda ya kwenda kanisani. Hiyo ni shedi laini kuliko HB yoyote, haina mistari, na ukiwa mwepesi unapata kile kisanduku cha pili na cha tatu bila jasho. Hapa ndo chaki ya ubaoni inaruhusiwa pia, isage vizuri uichuje kwa kitambaa chepesi, kwa tabaka la kwanza tu. Usitumie chokaa ya kupaka nyumba, ile inaunguza ngozi na macho. Sehemu ndogo kama kope na mdomo tumia pamba za masikio, au viringisha tishu kwenye kijiti cha meno. Kidole nakitumia ila kwa tahadhari, kina mafuta, na mafuta kwenye unga mweupe yanafanya kilekile nilichosema cha gundi, unapata doa la kijivu ambalo halipandi tena hata ufanyeje.

Juu ya unga ndo inakuja penseli kwa matuta na mistari, halafu mwisho kabisa nta au peni ya jeli kwa zile sehemu tano. Mpangilio huo usiugeuze. Nta ikitangulia unga hauishiki, unateleza kama maji kwenye jani la mgomba, kwa hiyo hata ule mchoro wa mwanzo usiuchore kwa penseli ya nta, na usiuchore kwa penseli ya kawaida pia, ile inang'aa ukiitazama kwa pembeni. Mi naprinti picha, naisugua chaki nyuma yake yote, naiweka juu ya karatasi nyeusi na kufuatisha kwa peni iliyoisha wino, inaacha mstari mwembamba unaofutika kwa pumzi. Na peni ya jeli ukiipitisha juu ya unga kile kigololo chake kinaziba, utaikung'uta mpaka uchoke, kwa hiyo sehemu hiyo uinue unga kwanza kwa raba laini ya kukanda, gandamiza na kuinua, usisugue. Huna raba hiyo, ndani ya mkate mweupe uliokandwa mpaka ukawa donge inafanya kazi, wachoraji wa zamani walitumia hiyo. Usipake blubandi tu.

Mvi usizichore moja moja. Zipake kama wingu, acha giza la mashimo, kisha toa nywele kumi au kumi na tano kali za mbele. Ukienda Kolo kule Kondoa kwenye michoro ya mapangoni, iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006, utaona michoro myekundu ya zamani ni ya mistari myembamba na ile myeupe ya baadaye ni minene, ya kidole. Mi kila nikiiangalia naona mzee wa zamani kama sisi, kashajua kwamba nyeupe haitaki mistari mingi.

Kuna jambo litakusumbua na utadhani penseli ni mbovu. Ukipaka nyeupe nyembamba juu ya nyeusi itaonekana ya bluu, bibi ataonekana ana baridi. Sio mbovu. Tabaka jembamba la chembe ndogo linarudisha mwanga wa bluu zaidi na ule mwekundu unapenya chini unamezwa na nyeusi. Angalia moshi wa jikoni ukipita mbele ya mlango wenye giza ni wa bluu, moshi uleule ukipanda juu ukawa mbele ya anga unakuwa kama wa udongo. Dawa yake ni kutia unga wa kahawia au wa rangi ya krimu kidogo sana kwenye tabaka la kwanza, au kama unataka nyeusi na nyeupe tupu basi ikubali hiyo bluu, ina uzuri wake kama mbalamwezi.

Vumbi sasa, we unajua Nkuhungu mwezi wa saba na wa nane upepo ukoje. Karatasi nyeusi inaona kila kitu, na vumbi letu jekundu likiingia kwenye unga mweupe halitoki. Simamisha ubao wako wima unga unaozidi uanguke chini, weka karatasi safi chini ya kiganja, gonga nyuma ya ubao badala ya kupuliza kwa mdomo maana tone moja la mate ni doa. Na vaa barakoa unapokwangua, unga huo sio wa kuvuta.

Kuhusu kupuliza, hea sprei hapana, hata ile ya bei, ina manukato na vitu vingine vinavyokuja kugeuka njano. Ipo dawa maalum ya wachoraji, lakini hata hiyo kwenye nyeupe mi napuliza mara moja nyepesi kutoka mbali kama sentimita 40, kwenye tabaka la unga tu, iache ikauke, ndo naongeza mwanga juu yake na hapo sipulizi tena. Kinga ya kweli ni fremu. Mwambie fundi aweke kadi nene pembezoni kioo kisiguse mchoro, na kiwe kioo cha kweli, ile plastiki ya wazi ukiifuta kwa kitambaa inapata umeme na inavuta unga wote, utakuta bibi kahamia kwenye plastiki.

Ukitaka kunitumia picha niione, ipige nje kivulini bila flashi, gusa sehemu nyeusi ya mchoro kwenye skrini kisha shusha mwanga, maana simu ikiona nyeusi nyingi inadhani ni usiku na inaipandisha yote kuwa kijivu. Na usimpelekee bibi Mvumi kwa bodaboda kabla haijaingia kwenye fremu, ile barabara ikimaliza kuitingisha utafika na karatasi nyeusi.